Habibo na Gari la Maziwa

Siku Habibo alipolileta gari lake nyumbani, mtaa wa Bulapesa, majirani walilizunguka kama wanunuzi wanavyomzunguka ngamia mnadani. Huyu anapiga teke tairi, yule anachungulia mdomoni chini ya boneti, mwingine anauliza lina umri gani na limezaliwa wapi. Lilikuwa gari la fowili, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, la kubebea mizigo, refu mgongoni, ambalo zamani lilikuwa jeupe na sasa lilikuwa na rangi ya barabara zote lililopita.  Habibo alisimama mlangoni na shuka lake mabegani, akicheka peke yake.

Alikuwa na haki ya kucheka. Miaka mingi aliuza maziwa ya ngamia mjini Isiolo, maziwa yanayotoka Gotu, na miaka hiyo yote alitegemea magari ya wenyewe. Lori likichelewa, maziwa yanachacha. Pikipiki ikipata pancha, maziwa yanachacha. Mara ngapi alipokea madebe kando ya barabara, akainusa harufu kabla hajagusa kifuniko, akajua leo hakuna biashara! Mwishowe yeye na mumewe Abdirahim, ambaye huchunga ngamia upande wa Sericho, walikubaliana wauze madume kadhaa, wakanunua gari kwa mfanyabiashara aliyekuwa akihama.

"Dada, hii gari tunaitengeneza mpaka watu washike vichwa," alisema Ado, mdogo wake, kijana wa bodaboda ambaye tangu asubuhi alikuwa hajaondoka penye usukani. "Taa sita juu ya paa. Chuma kubwa hapa mbele. Spika mbili nyuma. Na maandishi kwa kioo."

"Maandishi gani?"

"Simba wa Gotu."

"Huyo simba ameuza maziwa lini?" Habibo akauliza. "Washa gari twende kwa fundi."

Fundi alikuwa Akai, mwanamke wa Kiturkana aliyekuwa na gereji ya mabati karibu na soko la mifugo. Madereva wa malori walimpa magari yao wakaenda kunywa chai bila wasiwasi. Alikuwa mrefu, ovaroli yake imekatwa mikono, na alikuwa na tabia ya kuzungumza akiwa chini ya gari, hivyo wateja wake walizoea kusalimiana na miguu.

"Salaam aleikum," Habibo alisema.

"Habari yako, mama," miguu ikajibu. Kisha Akai akatokeza, akafuta mikono, akalizunguka gari. Aliwasha injini, akasikiliza, akazima. Akaingia chini na spana na karai kuukuu. Walisikia nati ikilalamika, halafu kitu kikichuruzika.

"Mama," sauti ikaita, "kuja uone. Wewe rangi kama hii unaijua."

Habibo akakunja shuka lake, akachuchumaa, akachungulia. Ndani ya karai mlikuwa na kitu kizito, cha hudhurungi iliyopauka, chenye povu pembeni.

"Hii si oili," alisema. "Hii ni chai ya maziwa."

"Ndiyo hivyo. Difu ya nyuma imekunywa maji." Akai alieleza, akigonga lile donge kubwa la chuma katikati ya ekseli. "Mwenye gari alivuka mto. Hii chuma ilikuwa moto, ikaingia kwa maji baridi, ikavuta pumzi. Sasa ona: hapa juu ndio pua yake, na imezibwa na matope kabisa. Kama pua imezibwa itavuta kwa mdomo. Maji ikaingia kwa sili, hizi mpira za kuziba oili."

 Habibo aliwaona wale madume waliouzwa, mmoja mmoja, wakimgeuzia shingo. "Imekufa?"

"Mpaka tuone meno ya gia ndani."

Kufungua difu ni kazi, na siku ile ilionekana kazi isiyokwisha. Habibo aliketi juu ya tairi kuukuu, akavuta uradi wake kimyakimya. Ado alimpa Akai spana moja baada ya nyingine. Hatimaye Akai alilitoa lile gurudumu la meno, akaliosha kwa dizeli, akaligeuza polepole kwenye jua. Lilimetameta lote.

"Mazima!" alipaza sauti. "Hakuna pengo hata moja. Mama yangu kule Gotu angefurahi kupata meno kama haya."

Habibo alipiga makofi, akamkumbatia fundi pamoja na grisi yake yote, na shuka lile halikurudi tena kuwa safi.

Baada ya hapo kazi ikanoga. Habibo alikuja gereji kila siku baada ya kufunga meza yake sokoni, kwa sababu alitaka kujua kila kitu kilichomo ndani ya mnyama wake. Alijifunza kwamba oili si moja: injini ina yake, gia ina yake, difu zina yake. Aliona filta ya hewa ikipigwa chini na vumbi likatoka la kutosha kupanda mtama. Mipira ya rejeta ilikuwa imekauka kama ngozi iliyosahauliwa juani. Ilitolewa, ikawekwa mipya, na mkanda wa feni pia. Sili za difu zilibadilishwa. Ile pua iliyoziba Akai aliiunganishia mpira mwembamba, akaupandisha juu hadi nyuma ya kiti, ili gari likiingia tena majini livute hewa ya mahali pakavu. Nyuma aliongeza bapa moja la springi kwa ajili ya mzigo, na tairi mbili zilizokwisha kuota upara zikaenda kufanywa viatu.

Jirani wa Akai, mchomeleaji mmoja Mmeru aliyeitwa Mutwiri, alitengeneza fremu ya chuma ya kushika madebe yasigongane. Alipouliza vipimo, Habibo alifungua mikono. "Debe ni kama mtoto wa kubebwa," alimwambia. "Mshike kiunoni, na usimbane shingo." Mutwiri alicheka, lakini alichomelea hivyo hivyo, na juu akaweka ndoano za kutandika magunia yaliyoloweshwa maji ili maziwa yasipate joto.

Ado peke yake ndiye aliyenuna. "Kazi yote hii, na hakuna kitu mtu anaweza ona!"

"Ukikwama utaonekana vizuri sana," Akai akamjibu kutoka chini.

Habibo alimhurumia mdogo wake, akamruhusu taa mbili. "Lakini zimulike barabara, si mawingu." Ado akazifunga mwenyewe, akazifuta, akarudi nyuma kuzitazama, akazifuta tena.

Ado ndiye angekuwa dereva. Habibo alikuwa na leseni. Aliisomea kwa kigari kidogo cha shule ya udereva, kwenye lami, mwalimu akiwa na breki yake pembeni. Lakini gari hili lilikuwa na boneti refu mbele, na fimbo mbili za gia badala ya moja, na kila alipokaa kwenye usukani aliona miguu yake imekuwa ya mtu mwingine. Alimwachia Ado, akajiambia kwamba biashara yake ni maziwa.

Wakaondoka asubuhi baada ya sala. Akai alikuja nao, kusikiliza kazi yake ikitembea na kumsalimu mama yake. Walipopita Ngare Mara na kuiacha lami, Habibo alijikaza kungoja ile mitetemo iliyomvunja mgongo miaka yote ndani ya magari ya watu. Mitetemo ilikuja, ila gari liliibeba kama ngamia mzuri abebavyo mzigo, likiyumba bila kugombana na njia. Akai alifumba macho, akatega sikio, akatabasamu. Nyuma madebe matupu yalikaa kimya kwenye fremu yao.

Wakafika kwenye laga, ule mto mkavu ambao huwa na maji siku za mvua tu. Wiki iliyotangulia mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na mchanga ulikuwa mpya, laini kama unga. Ado aliutazama, akavuta ile fimbo ndogo ya fowili, akaingia kwa moyo mkunjufu. Katikati gari likapunguza mwendo, likaguna, likakaa chini.

"Acha! Usikanyage mafuta!" Akai alisema. "Ulishuka ukafunga magurudumu ya mbele?"

Ado akatazama paa. Hakuwa amefunga. Gari hilo lilikuwa la zamani: fimbo peke yake haitoshi, lazima mtu ashuke azungushe vifungo kwenye magurudumu ya mbele, la sivyo mbele hakuna kinachovuta. Akai alishuka akavizungusha. Wakapunguza upepo kwenye tairi hadi zikalala kama nyayo za ngamia. Wakafukua mchanga kwa mikono.

"Sasa inataka watu wawili wa kusukuma," Akai alisema, akimpima Ado kwa macho. "Wenye nguvu."

Wote wawili wakamtazama Habibo.

"Mimi?"

"Gia ya pili, mama. Achia klachi polepole. Na usisimame mpaka ardhi ngumu."

Habibo akapanda. Akasema bismillahi. Mguu ule wa mtu mwingine ukaachia klachi polepole, na akahisi magurudumu ya mbele yakishika, yakitafuta, yakivuta. Gari lilijikongoja, likainuka, likaenda! Usukani ulitaka kumtoka kulia na kushoto, naye akaushika kama anavyoshikwa dume kaidi, bila kumvuta sana na bila kumwachia. Mchanga uliruka madirishani. Akaupanda ukingo wa upande wa pili huku akipiga kelele ambayo hakujua anayo, na aliposhika njia aliendelea tu, upepo usoni, moyo umejaa, hadi alipokumbuka kutazama kioo akaona watu wawili wadogo wakikimbia nyuma wakipunga mikono.

"Kwa nini hukusimama?" Ado aliuliza alipopata pumzi.

"Niliambiwa nisisimame."

"Mpaka ardhi ngumu! Ardhi ngumu ilikuwa kule!"

"Nilikuwa nahakikisha," alisema Habibo. Wakacheka wote watatu mpaka Akai akaegemea mlango. Ado alifungua mlango wa dereva, akangoja. Habibo hakusogea. Basi akazunguka, akaketi upande wa pili.

Gotu walimsikia kabla ya kumwona, kwa kuwa alikuwa amegundua honi. Fardosa, aliyekusanya maziwa ya akina mama wa pale, alitoka akiweka mkono juu ya macho. Alipoona ni nani aliyeshika usukani, alipiga kigelegele, na akina mama wengine wakakipokea. Walisalimiana kwa kirefu: watu, ngamia, mvua, malisho. Akai akaenda kwa mama yake, ambako angelala. Maziwa yalikuwa hayajakamilika, wa mbali walikuwa bado njiani.

Ndipo mama mkwe wa Fardosa, Akko Wato, bibi ambaye miguu ilimkatalia kitambo, akaita kutoka kivulini mwa nyumba yake. "Habibo. Hiyo gari inafika mtoni?"

"Inafika, Akko."

"Basi nipeleke. Mwaka huu wote nasikia Ewaso imejaa, nasikia imepungua. Nimechoka kusikia."

Walimbeba, mwepesi kama mzigo wa kuni kavu, wakamweka kiti cha mbele. Fardosa na akina mama wengine wawili wakapanda nyuma pamoja na Ado. Habibo aliendesha polepole kuliko alivyowahi kutembea. Ukingoni Ado alimbeba bibi mgongoni, akamketisha kwenye jiwe, na Fardosa akamvua viatu. Maji ya kahawia yakampita vifundoni.

 Akko Wato alichota maji kwa kiganja, akamrushia Ado, akacheka kwa kinywa kisicho na meno. Akina mama wakaingia majini na nguo zao. Habibo naye akaingia.

Walilowesha magunia pale pale mtoni, wakarudi kijijini, na maziwa yalipokuwa tayari wakapakia madebe na kuyatandika magunia juu yake, na Habibo akaondoka akiwa amelowa hadi magotini. Safari hii kwenye laga Ado alishuka kufunga magurudumu bila kuambiwa. Sokoni Isiolo, wateja walikuwa wamekwisha kukata tamaa na wengine wameanza kwenda zao. Habibo alifungua debe la kwanza, akajaza kikombe, akaonja mwenyewe. Yalikuwa matamu, na bado yalikuwa na ladha ya ule moshi ambao akina mama wa Gotu hufukizia vyombo vyao.

"Leteni vikombe," alisema.