Ukungu wa Makumbi

...na mbona hauonyeshi kitu, au iodini ya kupaka vidonda haifai, Dalila akainama juu ya kisahani cha glasi alichotoka nacho maabara ya chuo kule mjini Pemba, kakifungia ndani ya kanga kama mayai... uani mama yake, Bi Biubwa, anapiga makumbi, pu, pu, pu, na kila pigo linamuuma Dalila, maana vidole vile vimevimba kwa tope la pwani, makumbi ya nazi yafukiwe miezi kwenye mashimo ya huko mpaka yalainike ndipo yatoe usumba wa kusokota kamba, na ukungu huu mweusi aliukuta nyuma ya jiko, juu ya kumbi lililolainika lenyewe, akaukuza, akautazama kwa hadubini, vichwa vya mviringo vyeusi tii, akaujua jina, kilichobaki ni kujua kama unatoa kile kimeng'enya cha kuyeyusha gundi ya kumbi, wenye viwanda vya juisi wanakitafuta sana, ukikitoa iodini itaacha duara jeupe kuuzunguka, na mama atalainisha makumbi ndani ya pipa, hapa hapa uani, tope basi...

"Dalila! Ukungu wako umekula hiyo gundi?"

"Subiri mama, ndo naongeza dawa."

...kahawia inakolea, na pale, ya Rabi, pale pembeni pameng'aa, duara kamili, moyo ukamruka kwa furaha, na papo hapo akamsikia tena kichwani senhor Cosme, yule bwana wa kampuni ya gesi, alivyosema juzi mkutanoni, yamebaki mashimo ya kina mama tu, gati litajengwa pale, wakipata njia ya kulowekea nyumbani tumemaliza, na yeye, msomi wa kijiji, akaitikia kwa kichwa, akatabasamu hata, mjinga we, mashimo yale waliachiwa na mama zao, kila mwanamke na lake, na ndiko mama anakocheka, tangu baba afe nyumbani hacheki, Dalila alilijua hilo siku zote na hakulifikiria hata mara moja, aibu ikampanda, akakiogopa kisahani...

"Haya, umekula?"

"Haujala, mama."

"Afadhali!" Mama akacheka. "Awa wa shimo la jirani kaniuliza jana, pipa likija tutaongelea wapi?"

Pu, pu, pu. Duara lipo, jeupe, na Dalila amelifunika kwa kiganja, ingawa chumbani hamna mtu mwingine.