Akaunti ya Sahihi Mbili

Barua ya benki ilifika asubuhi ya manyunyu, Mama Dobi akiwa anapiga pasi shuka la kumi na tisa. Alijua ni ya benki kwa sababu hakuna mwingine duniani aliyekuwa bado anamwandikia barua. Akaiweka juu ya kabati la mashati, akaendelea na kazi. Ndivyo alivyokuwa: pasi ikishashika moto na mvuke ukianza kupanda, mikono ilibaki mezani, mwenyewe akaenda zake. Wateja walishamzoea. Mtu alipiga hodi mara tatu, akaitikiwa ya nne kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, na shati lake likiwa limenyooka bila kunyanzi hata moja.

Jioni bintiye, mwalimu wa hesabu asiyejua kuzungukazunguka, ndiye aliyeisoma. Kuanzia mwezi ujao makato ya akaunti ya hundi yangepanda maradufu. Asiyetaka kuendelea afike tawini aifunge.

“Mama, hundi ya mwisho uliipokea lini?”

“Ya ile hoteli ya karibu na stesheni.”

“Hoteli ilifungwa miaka kumi na miwili iliyopita! Wateja wako wote wanalipa kwa simu. Akaunti hii ni ng'ombe asiyekamuliwa, na majani anakula kila siku. Ifunge.”

“Nitaifunga.”

“Lini?”

“Si nimeshasema nitaifunga? Au unataka niiandikie na wosia?”

Binti alicheka. Mama yake alichukua barua, akaikunja mara nne kama leso, akaitia kifuani.

Akaunti ile hakuifungua peke yake. Aliifungua na mdogo wake, ambaye tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Enzi hizo hoteli zilikuwa zimeanza kuwaletea mashuka kwa malundo, na hoteli hazilipi ila kwa hundi. Dada wawili wakaazima viatu, wakaenda benki. Ofisa akawauliza kama pesa zitatoka kwa sahihi moja au mbili. Chiriku akamkatiza: “Mbili, baba, mbili! Dada yangu asije akatoroka na utajiri wangu.” Ofisa alicheka mpaka akaharibu fomu, ikabidi alete nyingine.

Walifanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Kisha ikaja siku ya gauni. Bibi harusi aliwaletea gauni lake siku moja kabla ya harusi, Chiriku akalitandika mezani, akaweka pasi, na papo hapo akapita shoga yake mwenye habari moto. Waliposhtuka, moshi ulikuwa umeshajaa chumba kizima. Mama Dobi alililipa lile gauni, na hilo lingepita. Lakini mbele ya wateja, mbele ya bibi harusi anayelia, alimwambia mdogo wake: “Kazi unayoijua ni ya mdomo tu. Toka, na usinioneshe sura yako hapa mpaka nikuite.”

Ulimi hauna mfupa. Chiriku, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakujibu. Alivua aproni, akaitundika msumarini, akatoka. Mama Dobi alidhani angerudi baada ya siku tatu. Zikapita tatu, ukapita mwezi, na kila siku iliyopita iliufanya wito kuwa mzito zaidi kuutamka. Chiriku akahama mtaa, akabadili namba ya simu. Sasa ilikuwa miaka kumi na moja.

Benki alienda siku ya Jumanne. Ukumbi ulikuwa wa baridi na weupe, na watu waliongea chini kwa chini kana kwamba kuna mgonjwa nyuma ya kaunta. Alichukua namba, akakaa karibu na dirisha kubwa ambalo mvua ilikuwa ikilichora. Macho yakaanza kuwa mazito. Akawaona wako uani tena, yeye na Chiriku, kila mmoja ameshika ncha mbili za shuka bichi, wakilikung'uta, na kila likishuka uso wa mdogo wake unatokea upande wa pili, mdomo unasema jambo ambalo yeye halisikii. “Sema kwa nguvu!” akamwambia. Shuka likapanda tena, jeupe, likaziba kila kitu.

“Mama, namba yako,” mtu wa jirani alimgusa bega.

Dirishani alikaa karani mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza, akabonyeza, akakunja uso.

“Hii haifungiki leo, Mama. Ni ya sahihi mbili. Lazima mwenzako naye aweke.”

“Mwenzangu hayupo.”

“Amefariki?”

“Mdomo wako uwe na heri! Hayupo tu. Lakini mwanangu, hiyo akaunti si imeshakufa yenyewe? Sijaweka hata senti moja tangu hoteli ifungwe.”

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Ingekufa zamani. Makato yangeshaila yote. Lakini kila mwezi tarehe tano kuna mtu anaweka pesa. Kidogo tu, kiasi kile kile cha makato. Mwezi hata mmoja haujaruka.”

Mama Dobi alishika ukingo wa kaunta. “Nani?”

“Mwenzako. Kwenye tawi letu lingine.”

“Nipe namba yake.”

“Sina ruhusa hiyo, Mama. Kazi yangu naipenda.” Alichapa taarifa ya akaunti na kumsogezea karatasi chini ya kioo. Kidole chake kikaanguka, kama kwa bahati mbaya, mahali palipoandikwa jina la tawi, kikatulia hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Usiku huo hakulala, na kesho yake aliunguza kola mbili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Alitaka kukasirika. Mtu anakaa kimya miaka kumi na moja, halafu anakuja kwa mlango wa nyuma kulisha akaunti ya watu! Lakini hasira haikushika. Kila alipoipuliza, ilizimika.

Tarehe tano alitundika kibao cha kufungwa mlangoni, akavuka mji mzima. Tawi lile lilikuwa dogo, na viti vyake vilikuwa sita. Alifika kabla mlinzi hajafungua. Waliingia watu, wakatoka watu. Saa tano ikapita. Alishaanza kujiambia kwamba mtu mzima amejitia ujinga, mlango ulipofunguka, akaingia mwanamke mnene kidogo, anayeburuta mguu mmoja, akimweleza mlinzi habari za bei ya mkaa bila hata kumwuliza kama anataka kuzijua.

Ilikuwa sauti ile ile. Mwili ndio ulikuwa wa mtu mwingine.

“Chiriku,” Mama Dobi alisema. Alikusudia kusema kwa nguvu. Ikatoka kama pumzi.

Habari za mkaa zilikatika katikati. Chiriku alisimama, noti zake chache zimekunjwa kiganjani.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Mguu umefanya nini?”

“Goti. Uzee.”

“Uzee gani, wewe mtoto?”

Chiriku akakaa kiti cha pili yake, polepole, kama anayeogopa kiti kitaondoka. Walitazama mbele wote wawili, kama abiria wasiojuana.

“Kwa nini ulikuwa unailisha?” Mama Dobi aliuliza. “Miaka yote hiyo. Akaunti isiyo na kazi.”

“Ulisema nisije mpaka uniite.”

“Nilisema maneno mengi.”

“Nami nikawaza, dada hataniita, namjua. Kichwa chake ni jiwe la kusagia. Lakini siku moja atataka kuifunga hii akaunti, na benki watamwambia lete sahihi ya pili. Hapo atanitafuta, apende asipende. Sasa ikifa yenyewe, nani ataniita?” Alijifuta pua kwa ukingo wa mtandio. “Ndiyo nikawa nailipia. Kuna miezi niliazima.”

Mama Dobi alitaka kusema samahani.  Neno alilolitoa ni hili: “Lile gauni. Mimi ndiye niliyeiwasha pasi kupita kiasi asubuhi ile. Nilijua siku ile ile. Nilijua wakati naongea.”

Chiriku aligeuka akamtazama. Mama Dobi aliisubiri mvua ya maneno, akaona ni haki yake kunyeshewa. Lakini mdogo wake alimshika mkono tu, akaugeuza kiganja juu, akapitisha kidole kwenye kovu refu la pasi alilokuwa halijui.

“Hili la lini?”

“La mwaka juzi.”

“Nani alikufunga?”

“Nilijifunga mwenyewe.”

Hapo ndipo Chiriku alipolia, kwa sauti, mbele ya watu, mpaka mlinzi akaleta maji.

Waliifunga akaunti siku hiyo hiyo. Sahihi ya Chiriku ilitoka nje ya mstari. Karani wa tawi lile alipowauliza salio waligawane vipi, Chiriku alisema ampe dada, dada akasema ampe mdogo wake, wakabishana mpaka foleni ikaguna.

Walipotoka, mvua ilikuwa imekatika na barabara inang'aa. Chiriku alikuwa akikaa mtaa wa tatu kutoka pale, ghorofani, chumba na sebule. Njia nzima aliongea: majirani, goti, mume aliyekuja akaondoka, paka aliyekuja akabaki. Mama Dobi alipanda ngazi nyuma yake, akiyasikia maneno kama mtu aliyelala karibu na mto. Alikaribishwa kwenye kochi la kitambaa cha kijani. Alisema atakaa dakika tano tu.

Alipokuja kuamka, jua la alasiri lilikuwa limefika katikati ya sakafu. Alikuwa amefunikwa khanga miguuni. Paka asiyemjua alikuwa amejikunja ubavuni kwake. Mlangoni mdogo wake alikuwa akiongea na jirani, akinong'ona, kazi iliyomshinda tangu azaliwe, kiasi kwamba kila neno lilifika mpaka kwenye kochi:

“Hapana, shoga, leo siwezi kutoka. Njoo kesho. Dada yangu amelala.”

Mama Dobi akafumba macho tena.