Maswali ya Penina Wodi ya Tano

Jumamosi hiyo Penina Leavasa hakwenda kiwandani kufunga kuku kwenye mifuko. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake kwa mara ya sita, na msimamizi alishamwambia kwamba ya saba asahau. Saa tatu asubuhi alikuwa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, magharibi mwa Sydney, anakunywa chai ya maziwa na kungoja mtihani wake.

Walioanza mafunzo walikuwa tisa, sasa wamebaki watano. Parokia ilitafuta walei wa kwenda hospitali kukaa na wagonjwa, kusali nao na kuwapelekea Komunyo, maana padri ni mmoja na makanisa yake ni matatu. Penina alikuwa na sababu yake. Mama yake alilazwa wodi ya tano ya hospitali hiyo siku kumi na moja, hakuja mtu wa kanisa hata mmoja, akafa bila Komunyo. Jambo hilo lilimuuma, na lilikuwa bado linamuuma. Alitaka kitambulisho cha buluu chenye jina lake, apite milango ile akiwa na ruhusa, ili wodi ya tano isikose mtu tena.

Tatizo lake lilikuwa maswali. Udadisi alizaliwa nao. Kwenye mazoezi ya maigizo, Trevor, dereva wa basi mstaafu, alijilaza juu ya viti vitatu akajifanya mgonjwa wa moyo. Penina alitakiwa akae kimya amsikilize. Kabla hazijaisha dakika nne alishamuuliza maumivu yalianzia wapi, mkewe alikuwa wapi wakati huo, na huko nyumbani mbwa analishwa na nani. Trevor hakuwa na mbwa; ilibidi amtungie jina papo hapo. Wote walicheka isipokuwa mkufunzi, Colleen Brophy.

"Penina, hapa si kituo cha polisi," Colleen alimwambia. "Sisi tunasikiliza. Mgonjwa akitaka kusema, atasema."

"Na asipojua kama anaruhusiwa kusema?"

"Unaona? Hilo nalo ni swali."

Colleen hakuwa mtu mbaya. Alikuwa muuguzi miaka thelathini kabla ya kustaafu, na aliwaeleza wazi kwamba hospitali inawapokea shingo upande. Mwaka juzi mtu mmoja wa parokia alilalamika kuhusu shuka chafu, na kanisa zima likafungiwa mlango miezi mitatu. Kwa hiyo mambo ya dawa, chakula na madaktari hayawahusu. Na kabla ya kutoa Komunyo, utazame kwanza kibao juu ya kitanda. Kikisema mgonjwa asile wala asinywe, hata chembe ya Hostia, ule mkate wa Komunyo, usimpe, unaweza kumharibia upasuaji wake.

Saa tano yeye na Colleen walipanda hadi wodi ya tano, wawili tu. Colleen alining'iniza shingoni kikasha cha Ekaristi, mkononi ameshika fomu ya kumpimia Penina. Mgonjwa mwenyewe alikuwa Des Costigan, mzee wa miaka themanini na minne, aliyeendesha treni za mizigo maisha yake yote. Nyonga imevunjika. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Juu ya kichwa chake kibao kilining'inia: asile wala asinywe.

Alipoona kikasha aliinua mkono akafanya ishara ya msalaba. Penina akamweleza taratibu kwamba leo hawezi kumpa, lakini wangeweza kusali pamoja sala ya kumpokea Bwana rohoni. Wakasali. Des aliisema yote, huku macho yake hayabanduki kwenye kikasha.

"Mimi nimefunga kumshinda askofu Ijumaa Kuu," alisema walipomaliza.

Penina alijua hapo ndipo pa kunyamaza. Alifundishwa ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Alifika sita.

"Umefunga tangu lini, mzee wangu?"

Des akaeleza. Jana alinyimwa chakula kutwa nzima, jioni wakamwambia daktari hana nafasi, wakampa kipande cha mkate. Ilipofika saa sita usiku wakamkataza tena, na tangu hapo hata maji hajaonja.

"Na leo unapasuliwa saa ngapi?"

"Sijaambiwa, binti. Na mimi sipendi kuwasumbua. Hawa wasichana wanakimbia tangu alfajiri."

Colleen alikohoa. Penina alikisikia kikohozi kile na akakielewa vizuri. Lakini kwao Samoa huwezi kukaa kitako mbele ya mgonjwa mwenye njaa ukaendelea na mazungumzo. Ni aibu ya ukoo mzima. Akainuka, akaenda mezani kwa wauguzi.

Muuguzi alikuwa kijana, nywele zimemtoka kwenye kibanio. Alitazama kompyuta, akatazama tena. Upasuaji wa Des ulikuwa umesogezwa mpaka Jumatatu. Iliamuliwa hivyo saa moja asubuhi, na hakuna aliyemwambia mgonjwa, wala jikoni, wala aliyekumbuka kuondoa kibao.

"Niko peke yangu upande huu wote," muuguzi alisema, akajishika paji la uso. "Nitawapigia jikoni." Simu ikalia kabla hajainua mkono, akaipokea hiyo.

Msimamizi wa wodi alitokea na funguo zake kiunoni. Hakumtazama Penina hata kidogo. Alimuuliza Colleen, aliyekuwa amemfuata Penina mpaka pale mezani, tangu lini watu wa kanisa wanauliza habari za upasuaji. Colleen akaomba radhi, sauti chini kama mwanafunzi. Penina alimwonea huruma, na papo hapo akamkasirikia.

"Basi sasa mpe Komunyo," alimnong'oneza walipobaki wawili. "Anaruhusiwa kula."

"Kibao bado kipo."

"Lakini umesikia mwenyewe."

"Mpaka wakiondoe wao, Penina."

Wakatoka. Kwenye korido Colleen aliiegemeza fomu ukutani, akaandika.

"Siwezi kukupitisha," alisema.

"Kwani nilikosea?"

"Hukukosea. Ulivuka mpaka. Ni vitu viwili." Akavua miwani. "Nikikupitisha, Jumatatu hatumo humu ndani, sisi wote. Urudie mafunzo Februari."

"Mpaka Februari, wodi ya tano atakuja nani?"

Colleen aliitazama orodha ya wodi na watu waliopangiwa. Trevor alikuwa amepewa wodi ya pili, wengine ya kwanza na ya nne. Aliikunja karatasi, macho yake yamelowa.

Penina alimrudishia kitambulisho cha mwanafunzi. Akashuka kwa ngazi mpaka chini, akapanga foleni ya wageni wa kawaida, nyuma ya baba mmoja aliyebeba maua na maputo. Zamu yake ilipofika, karani wa mapokezi alimuuliza anakwenda kumwona nani.

"Des Costigan. Wodi ya tano."

"Wewe ni nani wake?" karani aliuliza, vidole viko juu ya kompyuta. "Ndugu, rafiki, jirani?"

"Si mmoja wa hao. Nataka kujua kama ameshaletewa chakula."