Maji ya Kushushia Chai

Mtu akikuambia maji ni safi, halafu yeye mwenyewe hayanywi, huyo ni mtu wa aina gani? Mimi namjua mmoja. Anaitwa Mzee Waithaka, na mwaka wa tisini na sita alikuwa landilodi wangu pale mtaa wa Kongo, Kawangware.

Tulihamia kwa ploti yake ya vyumba vya kupangisha kwa sababu ya maji. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Kabla ya hapo tulikaa Silanga, kule chini Kibera, karibu na dam. Silanga maji ni ya kununua kwa mtungi, na paipu za wauzaji zinapita kwenye mtaro wazi wazi, zimefungwafungwa na mipira ya tyubu pale zilipopasuka. Mtoto wangu Marvin aliugua taifodi huko, akalazwa. Alipotoka nikamwambia mume wangu Lazarus, mimi hapa sikai tena, tutafute nyumba yenye mfereji ndani ya ploti, hata kama ni ndogo kuliko hii. Tukapata kwa Waithaka. Mfereji wa chuma, ukiufungua unatoa maji, ukiufunga unanyamaza. Niliwaringia watu wa Silanga, si mchezo. Dada yangu Christine alipokuja kunitembelea nilimfungulia aone tu, kisha nikafunga.

"Mama Marvin, siku hizi wewe ni wa estate za matajiri," akasema, tukacheka.

Kumbe nilikuwa nimeruka mkojo nikakanyaga mavi. Siku moja mvua ya ghafla ilinyesha, na kesho yake maji yakatoka mferejini yana rangi na yananuka. Nikaifuata ile paipu nyuma ya vyumba. Ilikuwa inaingia kwenye mtaro unaopokea maji ya kufulia, ya kuoshea vyombo na, samahani kama unakula, ya choo chetu sote, kwa maana choo kilikuwa kimejaa na ukuta wake umepasuka upande ule. Na paipu yenyewe ilikuwa na ufa. Maji yakija kwa nguvu, yanaruka nje. Maji yakikatwa, na Kawangware yalikuwa yanakatwa ovyo ovyo, uchafu wa mtaro unaingia ndani ya paipu, unakaa humo ukingoja maji yarudi.

Ati sichemshi? Nachemsha! Kila mtu ananiuliza hilo, hata daktari aliniuliza akinitazama kutoka juu mpaka chini. Nachemsha kwa jiko la mafuta mpaka macho yananiwasha. Lakini mtoto wa miaka mitano akitoka kukimbiza mpira wa makaratasi haji kwa mama kuuliza maji yaliyochemshwa yako wapi. Anainama mferejini, anafungua, anakunywa, anapangusa mdomo kwa mkono, anarudi kucheza. Nilimchapa. Akanywa tena. Akaugua tena, wakamtundikia dripu kwenye kamkono ambako hakana nyama ya kushika sindano. Daktari akaniambia, mama, huyu akiugua mara nyingine utumbo unaweza kutoboka, na ukitoboka usinitegemee mimi. Na mvua ndefu zilikuwa njiani. Basi mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani: ile paipu itolewe kwenye mtaro kabla ya mvua.

Nikaenda kwa Waithaka, kwake Riruta. Alinipokea vizuri sana. Huyo mzee hakasiriki, na hiyo ndiyo shida yake. Unaenda umejaa hasira, anakuambia karibu mama, anakuuliza habari ya watoto, anasema atatuma fundi, na wewe unatoka pale ukimshukuru. Ukifika njiani unajiuliza, haki ya Mungu, nimeshukuru nini? Fundi hakuja. Nikarudi, nikashukuru tena. Safari iliyofuata sikushukuru. Nilimwambia wazi kwamba maji yake ni mabaya na yanaua watoto.

Akacheka. "Mama Marvin, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hiyo maji ya Kawangware mimi nimekunywa tangu hujazaliwa."

Chura! Nilitembea kutoka Riruta mpaka Kongo nikiongea peke yangu barabarani, watu wananipisha. Halafu karibu na nyumbani nikasimama. Si amesema ng'ombe anakunywa? Basi anywe, tuone.

Jumapili moja kila mwezi, akitoka kanisani, Mzee alikuwa anapitia ploti kutusalimia na kutazama mali yake. Nikawaambia wapangaji wenzangu, akija safari hii tukae wote nje. Nitateka glasi moja mferejini mbele yenu, nitampa kwa adabu, kwa mikono miwili. Akinywa, mimi nitafunga mdomo wangu. Akikataa, amesema mwenyewe. Wangila, fundi wa viatu wa chumba cha kona, alifurahi mpaka akapiga makofi. Mama Ken naye akakubali. Mama Ken alikuwa mtu wa kwetu, wa kule ziwani, na ndiye mkubwa wetu wanawake wa ile ploti. Neno lake lilikuwa neno.

"Mambo ya kumkaribisha mzee niachieni mimi," akasema. Tukamwachia.

Jumapili ikafika. Waithaka akaja na suti ya kanisa, Biblia bado mkononi, pamoja na binti yake Wanja aliyekuwa amekuja kutoka Nakuru, na mtoto wa Wanja, kasichana kanaitwa Wangoi, kamevaa soksi nyeupe. Tukawatolea benchi. Wapangaji wote wako nje. Marvin wangu nilikuwa nimemkalisha mlangoni na sweta, jua kali vile, hana nguvu ya kucheza. Mimi nikaenda mferejini kusuuza glasi yangu ya siku kubwa.

Nageuka, namwona Mama Ken anatoka kwake na sinia. Kwenye sinia kuna chupa ya chai, vikombe vya maua, na mkate umepakwa siagi pande zote mbili. Akammiminia mzee chai ya maziwa yenye tangawizi, harufu yake ikajaa ploti. Mzee akanywa, akafumba macho kwa raha. Wangila akashika kichwa. Mimi nikaweka glasi yangu juu ya jiwe la mfereji, nikamvuta Mama Ken mpaka mlangoni kwake.

"Mama Ken, hii ni nini?"

"Si chai."

"Tulisema maji!"

"Mtu ametoka kanisani, ana Biblia mkononi, nimpe maji matupu kama mfungwa? Mimi sikulelewa hivyo. Wacha anywe chai kwanza, halafu mtaongea."

"Lakini chai imechemka! Chai haitamfanya kitu!"

Akanitazama kwa mshangao. "Kwani wewe unataka imfanye nini?"

Nyasaye, Mungu wangu! Na Mzee naye hakungoja. Aliinua kikombe juu ili kila mtu aone.

"Mama Ken, hii chai tamu hivi umepikia maji gani?"

"Ya hapo mferejini, mzee," akasema Mama Ken, kwa fahari kabisa.

"Mmesikia? Naambiwa ati maji yangu inaua. Nimekunywa, na mwezi ujao mtaniona hapa." Watu wakacheka. Hata Wangila akacheka, msaliti yule. Mzee akaomba aongezewe kikombe. Nilisimama pale nimeshikwa na hasira, kwa sababu nilijua hapo ndipo maneno yangu yameishia. Nani tena angenisikiliza?

Watu wakaanza kupiga stori. Wanja alikuwa ameupa mfereji mgongo, amempakata mtoto mchanga wa jirani, anamchezesha. Kale kasichana Wangoi kalikuwa kamemaliza mkate. Kakazungukazunguka, kakafika mferejini, kakaiona glasi yangu juu ya jiwe. Kakaichukua. Kakafungua maji.

Mimi nikamtazama Waithaka. Alikuwa ameona. Wangila aliona, Mama Ken aliona, ploti nzima iliona. Sote tukawa tunamtazama yeye. Sema, mzee. Sema neno moja tu, mwambie mtoto aache. Lakini akisema, basi amekubali mbele yetu sote, baada ya kucheka vile. Akamtazama mjukuu wake. Akatutazama sisi. Halafu akainamisha macho kwenye kikombe chake cha chai. Na glasi imejaa, mtoto anaiinua.

Mkono uliomnyang'anya ulikuwa wangu. Sijui nilifikaje pale. Glasi ilipasuka juu ya jiwe na mtoto akaangua kilio. Wanja akaruka.

"Wewe mama! Unafanyia mtoto wangu nini?"

"Hanywi hayo maji."

"Kwa nini? Si baba amesema saa hii ni safi?"

"Kuja uone," nikamwambia, nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya vyumba. Sikueleza mengi. Nilimwonyesha choo, nikamwonyesha mtaro, nikamwonyesha paipu imelala humo ndani na ufa wake. Akaziba pua kwa kitambaa, akatazama muda mrefu.

"Na nyinyi mnakunywa hii?"

"Yule wangu wa sweta pale mlangoni amekunywa."

Akachungulia kwenye kona akamwona Marvin, shingo nyembamba, macho makubwa. "Ngai, Mungu wangu," akasema polepole.

Tukarudi. Nilidhani atapiga kelele, hakupiga. Alichukua kikombe kimoja cha Mama Ken, akakisuuza, akafungua mfereji, akakijaza. Akaenda akasimama mbele ya baba yake. Wangeweza kuongea lugha yao, lakini aliongea Kiswahili ili sote tusikie.

"Baba, kunywa."

"Wanja, wacha mchezo."

"Ulimwona Wangoi akiteka?"

Mzee akajipangusa makombo ya mkate kwenye suti.

"Ulimwona. Kunywa."

Waithaka alipokea kikombe kwa sababu kilikuwa tayari kimefika usoni. Akakitazama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Nimeshiba chai," akasema.

Hapo Mama Ken akainuka. Mimi moyoni nikasema basi, huyu sasa atamwokoa, atamwambia hakuna neno mzee, pumzika. Alijifuta mikono kwa leso, akakusanya sinia lake taratibu, akasimama karibu na benchi. Sauti yake ilikuwa ileile ya kukaribisha wageni.

"Mzee, hapa kwetu mgeni akishashiba chai hupewa maji ya kushushia. Usiniaibishe mbele ya watu."

Hakuna aliyecheka. Mzee akakiinua kikombe mpaka kwenye kidevu, kikakwama hapo. Kale kasichana, machozi hayajakauka, kakaja kakamwegemea babu yake goti.

"Guka, si unywe?"

Akakiweka kikombe chini karibu na mguu wa benchi, polepole, maji yasimrukie suti. "Kesho naleta fundi," akasema, na hakunitazama. Wanja akamchukua mtoto wake akatoka bila kuaga, mzee akamfuata. Biblia alikuwa ameisahau, ikabidi Wangila amkimbilie nayo.

Na fundi alikuja, kesho yake kweli. Jamaa mmoja anaitwa Muli, akafukua paipu yote, akaweka mpya, akaipitisha juu ya ukuta, mbali na mtaro. Choo kikanyonywa, ufa ukazibwa kwa simiti. Mvua ndefu zikaja, zikanyesha mpaka Kongo yote ikawa matope, na mferejini maji yakatoka hayana harufu. Marvin hakuugua. Alianza kunenepa, akarudia mpira wake wa makaratasi.

Watu wakasema Mama Marvin umeshinda. Mama Ken akasema ni chai yake ndiyo ilifanya kazi, na akawa anaisimulia hivyo kila mahali. Lazarus akaleta nyama, tukala. Katikati ya kula akanitazama akaniuliza, sasa hiyo sura ya hasira ni ya nini, na paipu imehama?

Ya nini! Mtoto wangu alikunywa, akaugua, akalazwa, akadungwa sindano mpaka mikono ikavimba. Mimi nikaenda Riruta mpaka mbwa wa huko wakanizoea, na paipu haikusogea hata inchi. Mtoto wao alishika glasi tu. Hakunywa hata tone.