Mtu wa Kutazama

Usiku wa jana niliota niko jukwaani na kichwa changu kimekataa kugeuka.

Onyesho lenyewe ni leo jioni. Mimi ni mwanafunzi wa baleti katika darasa la ukumbi wa kanisa, na kampuni ya wachezaji wa kulipwa imeniazima kwa sababu mchezaji wao mmoja ameteguka kifundo cha mguu. Wiki nzima ya mazoezi hakuna aliyeniuliza jina. Wananiita Mwanafunzi. "Mwanafunzi, sogea." "Mwanafunzi, hapo ni pangu." Mimi nasogea. Nimesogea mpaka nimechoka.

Ndotoni Madam Njambi, mkufunzi wa kampuni, anatukumbusha sheria ya kuzunguka.

"Chagua kitu kimoja mbele yako, ukikodolee macho," anasema. "Mwili uende, kichwa kibaki, halafu kichwa kifuate haraka. Usipokuwa na pa kutazama utashikwa na kizunguzungu, utaanguka."

Sheria hiyo naijua tangu siku yangu ya kwanza darasani. Nisichokijua ni kwamba kwenye kampuni kila mtu huja na wa kwake. Wenzangu wanaangalia ukumbini, na kila mmoja ana mtu aliyeketi akimsubiri: mume, dada, nyanya aliyevaa kofia ya harusi. Kavulani, mchezaji mkuu, ana ukoo mzima. Wamejaa safu yote na wamebeba chapati.

"Wako yuko wapi?" Madam Njambi ananiuliza.

Namwonyesha kiti cha Mama. Kitupu. Mama ni mhudumu wa kituo cha mafuta kule Emali, na Desemba barabara ya Mombasa haina likizo.

"Samahani," kiti kinaniambia. "Mimi ni kiti tu. Lakini ukitaka, naweza kujikunjua nionekane mnene."

Kikajikunjua. Haikusaidia, ila nilikishukuru, maana ndicho cha kwanza kunisemesha vizuri wiki hiyo.

Muziki unaanza. Nakitazama kiti, nazunguka. Mwili unakwenda, kichwa kinabaki, kama tulivyofundishwa. Shida ni kwamba kichwa hakifuati. Kinaning'inia hewani kikitazama kiti kitupu, huku mwili wangu ukijiendea wenyewe na kuwakanyaga watu.

"Mwanafunzi," anasema Kavulani bila kuacha kuutabasamia ukoo wake, "mwili wako uko mahali pangu."

"Samahani," kichwa kinajibu kutoka kule kilikobaki.

Nililia. Kulia ni kazi ngumu mikono ikiwa mbali. Machozi yanateremka tu na hayana wa kuyafuta.

Juu ya mlango wa nyuma wa ukumbi kuna taa nyekundu inayoonyesha pa kutokea. Inanikonyeza.

"Nitazame mimi," inasema. "Wote wasio na mtu hunitazama mimi. Nawaka hata ukumbi ukiwa giza."

"Na ubaya wake ni upi?"

"Hakuna ubaya. Ila anayenitazama hutoka."

Ningefanyaje? Nikaitazama. Mwili ukaja mbio, ukavaa kichwa, tukazunguka mara moja, tukatoka.

Nje ya mlango ni Emali. Jua la mchana linachoma, malori yamepanga foleni mpaka barabarani, na Mama yuko katikati ya pampu, amevaa koti lake la njano lenye mistari inayong'aa. Ananiona nimesimama na viatu vya baleti kwenye dimbwi la mafuta. Hashangai hata kidogo.

"Syombua. Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Muongo wewe. Hebu sogea, lori linarudi nyuma."

Nikasogea. Hapo kusogea hakukuniuma.

"Mama, sina mtu wa kutazama. Nikizunguka nitaanguka, na kampuni nzima itaona."

"Ngoja nimalize na huyu." Anamgeukia dereva. "Angalia sifuri."

Dereva anaangalia sifuri. Ndiyo desturi yao pale: hakuna tone linalotoka kabla mteja hajaiona sifuri ya pampu kwa macho yake, asije akalalamika baadaye. Lori linanywa, linaondoka. Mama anajifuta mikono.

"Siwezi kuja, mwanangu."

"Najua. Lakini nilitaka uje."

"Hata mimi nilitaka." Anavua koti, ananipa. "Kivalishe kile kiti. Ukiwa tayari, angalia sifuri, ndipo uende."

"Sifuri iko wapi?"

"Hapa," anasema, akigonga katikati ya kifua cha koti.

"Na risiti?" pampu inauliza. Mama anaiambia inyamaze.

Nageuka, niko ukumbini. Nakivalisha kiti koti, linateleza. "Niwie radhi," kiti kinasema, "sijawahi kuhitaji mabega." Nachomoa vibanio viwili kwenye fundo la nywele zangu, nalibana koti huku na huku. Linakaa.

Napanda jukwaani. Taa zinaipiga ile mistari, nayo inawaka mpaka ukoo wa Kavulani unaacha kutafuna. Naangalia sifuri. Kisha naisikia sauti ya Mama, ile anayoyaongozea malori: "Njoo, njoo, njoo... kata kushoto... njoo... hapo hapo!"

Nikazunguka. Kichwa kikafuata. Nikasimama hapo hapo.

Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu ilikuwa zamu ya Kavulani kupigiwa.

"Mwanafunzi," Madam Njambi alisema, "unanuka petroli."

Nikaamka. Shangazi ninayeishi naye hapa Nairobi alishakwenda kazini, na nyumba ilikuwa kimya. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Mama.

"Leo ndiyo leo, mwanangu. Pole tena kwa kutofika. Kula kabla hujatoka. Mimi huku asubuhi yote nalitafuta koti langu la kazi. Jana jioni nililitundika pale pale, leo silioni."

Nilivuta begi langu. Viatu vya baleti, ambavyo havijawahi kukanyaga nje ya ukumbi, soli zake zilinuka petroli. Nikafungua kikopo cha vibanio nilivyovipanga jana kwa ajili ya onyesho. Viwili havikuwepo.

Nilikaa kitandani, viatu mapajani. Halafu nikamwandikia.

"Usilitafute, Mama. Liko kwenye kiti chako."