Chupa ya Mwaka Jana

Uteute ulitoka kwenye bomba saa nne asubuhi, mweupe, mzito, ukining'inia kama kamasi. Nyuma yake yakafoka maji ya chumvi. Gesi ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Mpaka leo siwezi kutazama ute wa yai.

Kisima chetu cha gesi kilikuwa kimezeeka. Maji yalipanda kutoka chini na kuikaba gesi, kwa hiyo tulisukumia ndani dawa nyepesi ambayo, ikikaa siku tatu kwenye joto la huko, huganda na kuziba njia za maji. Aliyeichanganya ni shemeji yangu, mume wa dada. Mimi nilibaki na chupa yake moja maabara, nimeizamisha kwenye maji ya moto. Kazi yangu ilikuwa kuipindua tu. Dawa isipoteremka, yaani imeganda, kisima kifunguliwe.

Siku ya pili ilikuwa bado inateremka. Lakini wageni wa mkuu wetu walishafika, naye hakutaka kuaibika. Alifungua kabati langu, akatoa chupa ya kisima cha mwaka jana, iliyoganda kitambo, akabandika karatasi mpya baada ya kuilamba gundi taratibu kwa ulimi wake mnene. Akaipindua mbele ya wageni. Wakapiga makofi, kisima kikafunguliwa. Na mimi, bila haya, nikachekacheka nao.

Kisima kilipokufa, kikaitishwa kikao. Niliulizwa swali moja tu.

"Chupa ilikuwa imeganda?"

Mkuu alikuwa anachokonoa meno, hata hakuniangalia.

"Ilikuwa imeganda," nikasema.

Basi ikaonekana hatukufungua mapema, kosa likawa la mchanganyaji. Shemeji akafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Alikuja kwangu kesho yake. Nilidhani amekuja kunitukana, na wallahi ningeshukuru. Akaketi, akaweka daftari lake la vipimo mezani.

"Shemeji, usinionee haya. Umesema ulichokiona. Ila nisaidie kitu kimoja. Nilikosea wapi? Nisije nikarudia huko niendako."

Daftari lilikuwa safi, mistari imenyooka, miaka kumi na minne ya kazi. Nililisoma lote. Hakukuwa na kosa hata moja. Nilijichukia mpaka mate yakawa machungu.

"Ulizidisha maji kidogo," nikamwambia.

Akanipa kalamu. Nikavikata vipimo vyake kimoja baada ya kingine, nikaandika vyangu pembeni. Akavisoma mara mbili, midomo ikicheza, ili avishike kichwani.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Wengine wangenificha."