Mpaka Uko Kwenye Ubao wa Katikati

…wala si Shyorongi, nani kasema Rukiga, nchi ya milima ya kaskazini, inaanzia Shyorongi, hao ni madereva wa stendi ya Nyabugogo, kwa sababu pale kwenye kona abiria hufunga madirisha kwa baridi, kana kwamba nchi inagawanywa na mafua, na Nyirahabimana akashusha kisu kwenye paja la mbuzi, likagoma, akashusha tena, mfupa ukalia, na huko kwenye hema uani wageni waliendelea kubishana, mmoja anasema mpaka ni kijito cha Base, ukikivuka ndiyo umefika kwa Wakiga wenyewe wenye vichwa moto, mwingine anasema hapana, sisi wa huku chini ni watu wa katikati, hatuna moto wala hatuna hila za Wanduga wa kusini, na watu wakacheka, siku hizi mambo hayo husemwa kwa kicheko au kwa kunong'ona, hakuna njia ya tatu, na mjukuu wake Christella amemsihi asubuhi, nyogokuru, leo usimuulize mtu katoka upande gani, kuna Kaskazini na Kusini, imetosha, msichana mzuri, amesoma, ila hajawahi kuvuka mto huku anakimbia… mpaka ni Nyabarongo, na si mto mzima, ni daraja, lile la zamani la mbao, na si daraja zima, ni ubao wa katikati, yeye Nyirahabimana anaujua ubao huo, aliulamba, ulikuwa na matope na mavi ya mbuzi, Bibi, akasema Raihana, jirani fundi cherehani aliyeshona nguo zote za leo na sasa anachagua mchele, Bibi, huyo mbuzi ameshakufa, nahakikisha, akasema Nyirahabimana, na kisu kikashuka… wauza vitenge wa soko la Kimironko ndio waliomwambia, hao hujua posa kabla ya mama wa msichana, kwamba huyu Hirwa anayemtaka Christella anatoka kilima kilekile cha Mugabo juu ya mto, na msemaji wa wakwe ni mzee Melchior, yule anayevuta kofia upande mmoja, mnamjua, mwenye sikio nusu, wakacheka, eti alikatwa na ng'ombe, na yeye akacheka nao, eti ng'ombe… Mugabo alikuwa mume wake wa kwanza, hakumzalia hata paka, alimpiga kwa kigoda, kwa mpini wa jembe, kwa mwiko ukiwa bado na ugali wa moto, na mama mkwe alimwaga chini kila pombe aliyomiminiwa, wa ng'ambo hao wana sumu kwenye kucha, ninywe nife, na alfajiri moja akakimbia, akateremka kilima kwa makalio kuliko kwa miguu, akafika darajani, akafika katikati, na Melchior mdogo wa Mugabo, kijana mwenye mikono kama koleo, akamdaka, akamlaza kifudifudi, akamkunja mikono mgongoni ili kaka yake aje na kamba, akainama amnong'oneze tulia shemeji, na sikio likaja lenyewe mdomoni… gegedu, kama hili hapa chini ya kisu, gumu kuliko unavyodhani, lazima uume kwa pembeni, lina chumvi, kisha linaachia ghafla, akalitema Nyabarongo, na Mugabo akafika na mpini akamrudishia papo hapo, jino la mbele likaruka likakaa ubaoni kama punje ya mahindi, na kaka zake yeye wa Kamonyi, ng'ambo ya kusini, wakawa wamesikia, wakaja na rungu kutoka upande wao, na hapo ndipo ajabu, wote wakasimama, hawa hapa na hawa pale, wanatukanana mama zao, wanatema mate, na hakuna aliyeuvuka ule ubao, hata mmoja, yeye ndiye aliyeuvuka, kwa magoti, damu ikimtangulia, sasa mtu amfundishe Rukiga inaishia wapi… Bibi, utakata na meza, akasema Raihana, na nyumba ya jirani mashine ya zege ikaanza kusaga, mtaa huu wa Kinyinya hawajui hata siku ya posa, na kipaza sauti kikakohoa, Cassien huyo, mwanawe, mjomba wa Christella, aliyemzaa baada ya kuvuka, kwa mume wa pili, leo ndiye msemaji wa nyumba, na kazi ya msemaji wa nyumba ni kukataa kwanza, kuwazushia wageni kesi ya uongo, babu yenu alituibia ng'ombe, mlitukanyagia mtama, nao wanakana, wanaapa, si sisi, ni majirani zetu, wanachekesha, mwisho wanataja ng'ombe na msichana anapatikana, na jana alimwambia Cassien, mwanangu, kesi ya ng'ombe imechoka, nimekutungia mpya, waambie walioa kwetu zamani wakamrudisha mke bila jino, na Cassien akacheka mpaka akakaa chini, Mama wewe ni shetani, anajua nini, anadhani jino la mamaye liliondoka na muwa… sikio hakulitaja, sikio ni lake mwenyewe, na mpango uko tayari, pombe ya ndizi ipo kwenye kibuyu, mkubwa wa nyumba ndiye huonja mbele ya wageni wajue haina sumu, atatoka, atasimama mbele ya Melchior, ataushika mrija, na hataonja, hema lote litaona, hakuna atakayekunywa, hakuna posa, yaani Melchior akikana tu kwa kicheko chake cha Kikiga, akisema ni majirani zetu tu, na kama kisu kitakuwa bado mkononi kuna sikio la pili… Mlioa kwetu, Cassien ananguruma, mkaturudishia mtu nusu, jino liko wapi, na hema likaanguka kwa kicheko, na kisu cha Nyirahabimana kikasimama hewani, sasa, kana, kana uone, na sauti ya mzee ikaja polepole, kesi hiyo ni ya kweli, wakacheka zaidi, alikuwa mke wa kaka yangu, kaka alishakufa, mimi ndiye niliyemshika mikono, sina cha kukana, na kicheko kikapungua kama maji kwenye mchanga, Cassien akasema mzee, hapa mnatakiwa mkatae, mtu mmoja akapiga makofi peke yake akaacha, na Nyirahabimana akachungulia kwenye pazia, kofia iko magotini, Melchior ameivua, sikio nusu liko wazi mbele ya watu wote, na yeye Nyirahabimana anasubiri, sasa atasema, sasa atauliza na hili je, nani aliliuma, hakusema, mjinga huyu, ameiharibu, mtu akikana unampiga, akikubali utampiga wapi, miaka yote hii kesi ilikuwa mbichi mdomoni, kumbe huko ng'ambo alikuwa na kesi yake naye kaifunika kwa kofia, eti ng'ombe, yeye mwenyewe ndiye aliyesema ng'ombe… Mama, ikaita sauti ya Cassien, imepungua kidogo, Mama, pombe, na chumbani Christella anasubiri na taji lake la shanga, anahesabu pumzi, na ulimi wa Nyirahabimana ukaenda penye pengo, upana wa mrija, hapo ndipo mrija wake umepita siku zote, haujawahi kugongana na kitu, ataonja, basi, ataonja sana, kisha amshikie Melchior mrija uleule na amwangalie akimeza, na paja bado zima mezani, kisu bado juu, zege bado linasaga, Bibi, akasema Raihana, wanakuita, husikii, na Nyirahabimana akasema nasikia, mimi si nina masikio mawili.